Mzigo wa Viazi

Ultrasaundi ya kupima mifupa ilifika kijijini ikiwa na picha ya meya ubavuni, mke wa Casimiro akiwa ameshavunjika nyonga na kuzikwa.

"Leo ndiyo mmeikumbuka milima yetu? Au kura zimekaribia?" Casimiro alimuuliza nesi aliyekuja na mashine.

"Mzee, mimi nimetumwa tu." Nesi alipaka jeli baridi kisigino cha binti yake Casimiro, kilichopasukapasuka kama tope la kiangazi. Akatazama kioo cha mashine. "Mifupa imedhoofika, dada. Ukianguka na mzigo, utavunjika."

"Kama mama," binti alisema, akainamia mzigo wake wa viazi.

Casimiro aliuwahi. Akaufunga mgongoni kwa kitambaa cha rangirangi ambacho wanawake pekee hubebea mizigo. Foleni nzima ya waliosubiri kupimwa ikaangua kicheko.

"Umeolewa lini, Casimiro?"

"Leo," akajibu kwa uchovu, akaanza kupanda mlima.