Kidude cha Tumpe

Siku hizi hakuna mtu anayesikiliza muziki mwenyewe. Kidude kilichopachikwa sikioni kinakusikilizia, halafu kinakuambia kama umeupenda. Kikiwa kazini taa yake ya kijani huwaka, na wewe husikii kitu.

Sisi, bendi ya roki isiyojulikana hata wilayani kwetu, tulijifungia kwenye ghala la viazi huko milimani Makete, tukarekodi albamu nzima kwa baridi ile. Wimbo wa mwisho nilimtungia mke wangu, Tumpe. Nilimtaja kwa jina. Nilimwomba asiniache.

Niliporudi nyumbani nilimkuta anafunga begi.

“Wimbo niliokutumia umeusikia?”

“Umeshasikilizwa, baba Ikupa. Nimeambiwa umenigusa sana.”

“Nilikuomba nini humo?”

Akagusa sikio, akisubiri kidude kimjibu. “Ni wa mapenzi,” akasema. “Una huzuni kiasi.”

Nikashika gitaa, nikaanza kumwimbia palepale mlangoni, kwa sauti yote niliyobaki nayo. Kabla sijafika kwenye jina lake, taa ya kijani ikawaka sikioni mwake, naye akainama kufunga zipu.