Dhiraa ya Marehemu Nyani

Zama hizo, kabla hata mimi sijawa mfupi hivi, kila mnyama alipima kitambaa kwa mkono wake, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Hiyo ndiyo dhiraa. Ugomvi haukuisha sokoni, hivyo wakakubaliana mkono mkavu wa marehemu Nyani utundikwe dukani kwa Tumbili, uwe kipimo cha wote.

Mwezi wa kwanza mkono ule ulizidi wa Tumbili kwa vidole vinne. Mwezi wa pili, vidole saba.

Tumbili akafunga mlango kwa komeo, akamnong'oneza mteja wake, Kobe: "Mzee wangu, maiti anarefuka! Atanimalizia vitambaa!"

Sauti ya Kobe ilitoka mbali, ndani kabisa ya gamba. "Mfupa ni uleule, mwanangu. Mimi humu nazunguka, ukuta siuoni. Tunaopungua ni sisi. Mkono usiopima husahau urefu wake."

"Acha utani, mzee!" Tumbili akacheka, lakini akakimbilia mlangoni kuwaonya wenzake.

Komeo alilolifunga sasa hivi hakulifikia, hata aliporuka. Nje wateja walikuwa wakibisha, "Fungua, bwana!" kwa sauti nyembamba kama za mbu.