Kiraka cha Mwisho

"Kimebaki kimoja tu, Rispa! Leo hutoki hapa bila kumaliza," wenzake walimhimiza huku wakicheka.

Kikundi chao cha Rangwe kilishona blanketi za viraka, kila mtu akileta nguo kuukuu za nyumbani kwake. Mgeni aliyehamia juzi kutoka Migori ndiye aliyempa kipande cha buluu. Rispa alikilaza penye pengo, akainua sindano, kisha akakiinua tena na kukisogeza karibu na macho.

Kilikuwa na mfuko wa shati, umeshonewa uzi mwekundu, mishono yote imelalia upande mmoja, kama ashonavyo mtu wa mkono wa kushoto. Kama ashonavyo yeye. Asubuhi ile alipomshonea mumewe mfuko huo, miaka iliyopita, uzi wa buluu ulikuwa umemwishia. Mumewe alilivaa shati hivyo hivyo akaenda kuvua, na ziwa halikurudisha mwili. Walizika tunda refu la mti wa yago badala yake, kama mila ya Wajaluo inavyotaka maiti isipopatikana, na Rispa akanyolewa nywele za ujane.

"Hiki umekitoa wapi, dada?"

"Ni shati la baba watoto," mgeni alisema. "Limechakaa, lakini hataki kulitupa. Nimelikata akiwa kazini. Akijua atanigombeza."

"Anarudi saa ngapi?"

"Ananipitia hapa saa kumi. Si hiyo ni pikipiki yake?"

Nje, mlio ulikoma. Rispa aligeuza kiti chake kikaelekea mlangoni.

"Mwambie aingie, dada. Mfuko huu nilimshonea mimi."