Zulia Juu ya Mlango

Bibi mgeni alivua viatu uani, akaingia bila hodi. Nikaushika mchi.

"Nyumba hii aliijenga babu yangu," alisema. "Wanajeshi walitutoa humu na nguo tulizovaa tu. Nimefuata changu."

"Mama, sisi tuliinunua kwa ofisa wa jeshi aliyekuwa akikaa humu. Sitoki ng'o!"

Hakunisikia. Alikuwa akitazama juu ya mlango, kwenye zulia lililoviringishwa, limeliwa na nondo.

Hapa mjini Harar, mwenye binti wa kuolewa huliweka zulia hapo, na hulishusha binti akiolewa. Ofisa alidhani ni pambo. Mimi nililikuta, nikaogopa kushusha zulia la binti wa watu.

"Una binti?" aliuliza.

"Wavulana watupu."

"Basi bado ni mimi." Aliinua mkono, vidole havikufika. "Alilipandisha baba. 'Ziyada,' akaniambia, 'likishuka hili, nitalia.' Wanajeshi wakaja kumchukua kabla halijashuka."

Mchi ulikuwa umenilemea mkononi.

"Nishushie, mwanangu," alisema. "Bwana harusi yuko nje, na magoti yake hayawezi kusimama sana."