Kurasa Nne za Mwisho

Zilibaki kurasa nne, na Mzee Oola alikuwa amekataa kufa kabla hazijasomwa.

Daktari alimruhusu kutoka hospitali ya Mulago siku ya Jumatatu, akamnong'oneza binti yake, Alal, kwamba dawa iliyobaki ni kukaa naye tu. Kisukari kilimpofusha miaka mitatu nyuma. Sasa kilikuwa kwenye figo. Padri naye alikuja, akampaka mafuta, akamwondolea dhambi. Mzee alishukuru kwa adabu, akangoja mgeni atoke.

"Padri amesamehe mimi," alimwambia Alal. "Lakini padri hakufiwa na mtu. Wewe ita Huguette, amalize kitabu."

Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Alal alikinunua kwenye meza ya vitabu vya mitumba kule Old Kampala kwa sababu kilikuwa cha Kiswahili, lugha ambayo baba yake aliipata jeshini na kuipenda kuliko cheo. Kilisimulia habari za mama aliyeuliwa mwanawe wa pekee na askari. Askari huyo, uzeeni, akafunga safari kumtafuta mama yule ili amwombe msamaha. Kurasa mia mbili nzima mtu yuko njiani! Alal, ambaye kwake kitabu kilikuwa dawa ya usingizi, alishangaa jinsi mzee alivyotega masikio.

Alal mwenyewe alishinda kazini Luzira, akilinda geti la ghala. Ndiyo maana msomaji akawa Huguette, jirani yao Mkongo, mshonaji wa nguo aliyekuja kila alasiri baada ya kufunika cherehani yake. Alisoma vizuri, kwa sauti ya upole, wala hakuwahi kuomba chochote.

Jumatano Alal alichukua ruhusa kazini. Huguette alipofika, alimkuta akipakua mboga ya boo iliyoungwa kwa simsim.

"Karibu kwanza ule, mama Huguette."

"Aksanti, dada. Niko na yangu."

Akatoa mkate kwenye mfuko wa nailoni na chupa yake ya maji. Zamani alikula nao mpaka akalamba vidole. Sasa ulikuwa mwezi wa pili hagusi hata chai yao. Alal hakumlazimisha. Alidhani ni mfungo, maana kanisani kwa akina Huguette hawaishiwi mifungo.

Mzee akaomba aketishwe, aegemezwe mito. Alal alijua alichokuwa anakingoja, kwa sababu alimsikia kwa masikio yake Jumapili moja ya mwezi uliopita, alipoutoa moyo wake mbele ya Huguette, katikati ya sura moja, bila kuulizwa.

"Sauti ya cherehani yako inanisumbua, mama," alisema siku ile. "Wakati ya vita, huko kwenu, mimi niliua mtu. Alibeba kichwa ya cherehani kwa bega, amefunika na gunia. Mimi nikaona bunduki. Kumbe ni fundi."

"Ilikuwa fasi gani, papa?" Huguette aliuliza.

Mzee akataja kivuko, akataja mwaka.

"Kwetu Acholi, aliyeua hakuli chungu moja na ndugu ya maiti mpaka wanywe mzizi chungu pamoja. Mimi nitakunywa na nani? Hata jina yake sijui. Basi wacha nisikie huyu mama wa kitabu. Aliyeandika alifikiri sana kabla ya kusema. Mama akisamehe, hata mimi nitajua inawezekana."

Huguette akasema macho yamechoka, akaenda zake mapema.

Sasa, Jumatano hiyo, alisoma polepole, bila kumeza neno. Askari akapanda kilima, akaiona nyumba, akabisha. Mama akafungua mlango kidogo, akamtambua. Ukabaki ukurasa mmoja. Huguette akanywa maji ya chupa yake, kisha akaendelea:

"'Mama akamtazama kwa muda mrefu. Akasema, Mwanangu hukumpa nafasi ya kuomba. Na wewe usiombe. Akafunga mlango, akarudi ndani.'"

"Soma tena," mzee alisema.

Akasoma tena, neno kwa neno.

"Ndiyo mwisho?"

"Ndiyo mwisho, papa."

Mzee Oola, ambaye hakutoa chozi hata siku ya kumzika mkewe, alilia mpaka Alal akatamani kuziba masikio. Kisha akageukia ukutani. Hakula tena, hakusema tena, na mkono wa Alal aliusukuma kila ulipomgusa. Alikufa Ijumaa adhuhuri.

Huguette alikuja msibani, akasimama karibu na geti, akakataa chai.

"Pole, dada. Miye nilisoma tu."

Alal alimshika mikono yote miwili, akamshukuru mbele ya watu. Yeye ana kosa gani? Lawama zote alimwachia mwandishi. Mtu gani huyo, amekaa zake mezani ameshiba, halafu anatunga ukatili wa namna ile? Asijue kwamba kuna mgonjwa mahali ameyaweka maisha yake yote juu ya neno lake moja?

Jumamosi asubuhi, gari la kupeleka maiti kaskazini likiwa linangurumia nje, Alal alikichukua kitabu akakipeleka kwenye moto uliokuwa ukichemsha chai ya waombolezaji. Hasira zilimtuma auchane kwanza ukurasa wa mwisho. Akaufungua. Ulikuwa na mistari mitatu tu.

"Mama akamtazama kwa muda mrefu. Akaufungua mlango wote. 'Ingia, mwanangu,' akasema, 'nilikwisha kukusamehe zamani.'"