Filamu ya Nne ya Mwantumu

Mji mzima unamsifu mwanangu Mwantumu. Bado binti mdogo, na tayari ana filamu tatu zilizojaza kumbi. Jirani yangu Bi Somoe huniambia, "Una bahati, shoga. Yule haigizi kabisa."

Ni kweli haigizi. Siku hizi hakuna anayeigiza. Mashine humtoa msanii hisia yenyewe na kuitia kwenye picha, na ikishatoka hairudi.

Filamu ya kwanza ilichukua kicheko chake. Sasa nakisikia sinema tu, nimekaa gizani kati ya watu wanaopiga makofi. Ya pili ilichukua machozi. Tulipomzika baba yake alisimama macho makavu, na waombolezaji wakanong'ona kwamba umaarufu umempanda kichwani. Ya tatu ilichukua woga, ndiyo maana hakuogopa kusaini ya nne.

"Hiyo inahusu nini?" nilimuuliza.

"Binti anavyompenda mama yake. Wanasema itazishinda zote."

Nilimsihi asiende. Akanibusu mkono, akaenda.

Leo alasiri wamemaliza kupiga picha. Nimempikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mlango nimeuacha wazi, kwa sababu tangu utotoni huingia moja kwa moja hadi jikoni na kufunua sufuria. Gari likasimama nje. Nikasikia viatu vyake barazani, kisha vikasita kizingitini.

"Hodi," akasema, kwa adabu kabisa. "Hodi, wenyewe mpo?"