Vigelegele Kwenye Besi ya Tatu

Mpira ulimpita Ndolo katikati ya miguu kama kuku aliyefunguliwa. Salim akatupa kofia chini.

"Jumamosi ulikuwa unadaka hata upepo!"

"Kocha, leo yule mama hayuko."

Kweli, Mama Kasyoka hakuwepo. Akisimama na vigelegele vyake pale karibu na besi ya tatu, kituo anacholinda Ndolo, hakuna mpira wa kumpita kijana. Asipokuja, kijana anadaka kama aliyevaa sufuria mikononi.

Salim alikuwa mtu wa Lamu, mwenye duka la nguo Kitui. Besiboli alifundishwa na mwalimu Mmarekani, ambaye alipoenda kwao aliacha magongo na glavu za timu moja tu. Sasa Musembi, kocha wa Emali, alizitaka: wacheze mara moja, mshindi abebe zote. Na Ndolo aliandikwa pale dukani kwa ajili ya mikono yake tu. Timu ikifa, kazi nayo imekufa.

Salim akawaza kibiashara. Kasyoka ana binti, Nthenya. Huyo mama akishakuwa jamaa ya Ndolo, atakosaje mechi? Ndolo alipoulizwa kama anamtaka Nthenya, hakungoja swali liishe.

Posa ikaharakishwa, Salim akatoa mbuzi. Musembi aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaongeza beberu wake mwenyewe.

"Waoane kabla ya mechi, bwana. Usichelewe!"

"Muungwana sana," Salim akawaza.

Siku ya mechi, harusi ikiwa imeshapita, Kasyoka akagoma. "Mwanangu, mimi huko siendi tena."

Salim akadhani ni mambo ya mavazi, akamletea leso mpya. Akambembeleza weee, mpaka mama, kwa vile mchezo ulikuwa umemwingia damuni, akakubali kutazama akiwa ndani ya gari, amejifunika.

Mwishoni Salim alikuwa mbele kidogo. Ndolo adake mpira mmoja tu, waende nyumbani na magongo yao. Ukapigwa juu, ukaanza kushuka, moja kwa moja kwake. Kasyoka akajisahau. Akafungua mlango, akaruka nje, vigelegele vikapasua uwanja.

Ndolo akageuka. Akavuta shati likafunika kichwa, akatimua mbio hadi vichakani. Mpira ukaanguka pale alipokuwa amesimama.

"Ndolo, rudi!" Salim akalia. "Si ni mama yako huyu!"

Musembi alikuwa ameshaanza kukusanya magongo.

"Ndugu yangu," akasema, "Mkamba gani atadaka mpira mbele ya mama mkwe?"